Neno Lililovaa Tai

Bwana Shen alifika siku ya Jumatano, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

Masomo yake yalikuwa Jumamosi alasiri. Huu ulikuwa mwaka wa pili, na hakuwahi kukosea siku wala kuchelewa. Mchina yule alikuwa mtu wa kufika mwalimu angali anafagia, akasubiri nje na mfuko wa machungwa, maana hakujua kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Leo alisimama mlangoni katikati ya wiki, jua likimchoma kisogoni, shati limechomoka upande mmoja, machungwa hana.

"Mwalimu," alisema kwa Kiingereza chake cha kukanyaga polepole, "leo nataka somo."

"Leo?"

"Leo. Neno moja tu."

Dorcas, mwalimu mwenyewe, alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, uani. Florence, jirani wa chumba cha pili, alikuwa akifagia. Florence alikuwa na mgongo. Kila zamu yake ya ufagio ilipofika, mgongo ule uliamka kabla yake, ua ukafagiliwa na wengine huku yeye akielekeza kutoka kwenye kigoda. Leo ameinama kama msichana, tena anafagia mahali ambapo Dorcas alishafagia alfajiri.

"Florence, mgongo je?"

"Aa, umeniachia, mama. Mungu ni mwema." Hakuinua uso. "Mfundishe mgeni wako, mfundishe tu. Msiwe na haraka."

Jambo lenyewe lilikuwa hili, na ua mzima ulikuwa ukilijua: Nguma, mume wa Dorcas, alikuwa ameanguka asubuhi ile kwenye godauni la vigae alikofanya kazi, godauni la huyu huyu Bwana Shen. Hakuangukiwa na kitu, hakusukumwa na mtu. Alikuwa amebeba boksi, akaliweka chini vizuri kabisa, kama mtu anayetaka kuvuta pumzi, akajilaza kando yake. Bwana Shen ndiye aliyembeba mpaka kwenye pikapu. Hospitali walimpokea, wakamtazama, wakamfunika.

Habari zilitangulia kufika hapa Mikindani kabla pikapu haijarudi. Zilimfikia kila mtu isipokuwa mmoja, na kumzuia huyo mmoja asijue ndiyo ikawa kazi ya watu siku ile.

Maana kwa watu hawa kifo hakitupwi usoni mwa mtu kama maji ya kuoshea vyombo. Mwenye msiba hushikiliwa. Hupewa kazi, hupewa mazungumzo, simu yake huazimwa isirudi, redio huzimwa, watoto wenye midomo hutumwa dukani. Hukaa hivyo mpaka afike mtu wa damu aliye mkubwa kwake, amketishe chini na kuanzia mbali: fulani anaumwa kidogo, amezidiwa kidogo, tumehangaika naye... Hapo ndipo huambiwa. Mkubwa wa Dorcas alikuwa kaka yake Kazungu, na Kazungu alikuwa bado Kaloleni, kando ya barabara, akipungia magari yaliyojaa.

Ubaya ni kwamba katika ua ule, na kanisani pia, mshikiliaji mkuu alikuwa Dorcas mwenyewe.

Alikuwa na kipaji hicho. Mama Faith alipofiwa na mwanawe, Dorcas ndiye aliyemkalisha chini akamsuka, akamfumua, akamsuka tena, mitindo yote inayojulikana pwani hii isipokuwa twende kilioni, mpaka shangazi mtu akawasili kutoka Malindi. Mzee Mramba alipofiwa na mkewe, Dorcas alimwomba amtafutie mstari fulani katika kitabu cha Hesabu. Mstari wenyewe haukuwapo. Mzee alivaa miwani akayapitia makabila yote ya Israeli, kabila kwa kabila, hadi wanawe wakaingia. Mchungaji alipomuuliza kama uongo wa namna ile haumchomi moyoni, Dorcas alimjibu kwamba yeye hasemi uongo, anamwazimisha mtu asubuhi moja zaidi.

Sasa nani angemshikilia yeye? Ilikuwa kama kumfanyia mganga kiini macho.

Florence alikuwa ameiomba simu yake mapema, "niangalie namba ya mtu wa gesi," na namba ile ilikuwa bado haijaonekana. Redio ya chumba cha nyuma, inayopiga kelele tangu jogoo hadi usiku, ilikuwa kimya. Na sasa hivi Mutua, mwangalizi wa nyumba, mtu wa Ukambani asiyeweza kudanganya hata paka, alipita uani na viti vya plastiki vya kanisa kichwani.

"Mutua, viti vya nini?"

Mutua alisimama. Macho yalimtoka. "Vya... kuoshwa, Mama Linda."

"Vimechafuka?"

"Hapana," alisema. "Ndiyo," akasema. Akatimua mbio na viti vyake.

Dorcas alishika fremu ya mlango. Alikwisha kujua kwamba kuna mtu. Hakujua nani. Mama yake kule Kaloleni? Linda, binti yake aliyeko shule ya bweni? Kinywa kilijaa swali, akalimeza. Aliyeshikilia watu wengi anajua kwamba swali likitoka litajibiwa.

"Karibu ndani, Bwana Shen," alisema. "Kaa."

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu meza yenye kitambaa cha plastiki, viti viwili, na ubao mweupe ambao Nguma aliutengeneza kwa kigae kikubwa kilichovunjika pembe. Dorcas alianzia mapokezi ya hoteli moja ya Nyali, na Kiingereza chake kilikuwa cha mapokezi: kimepigwa pasi, kimenyooka, kinamwambia mtu chumba hakuna na mtu anashukuru. Hoteli ikafungwa, geti likatiwa mnyororo, Dorcas akauza viazi karai barazani kwa Kiingereza kile kile, hadi siku Nguma alipomleta tajiri wake nyumbani na kumsimamisha mbele ya karai.

"Huyu mke wangu," alimwambia, "anajua Kiingereza mpaka anakoroma kwa Kiingereza."

Bwana Shen alifuatwa na binamu yake, kisha mpishi wao. Nguma akawa anaketi nyuma ya pazia na fulana yake, anasikiliza kila somo, na usiku anayavuruga maneno makusudi ili mkewe acheke. Samaki akiungua, anamwita mstaafu. Nzi akiingia kwenye chai, anamtangaza mgeni wa heshima. Jirani wakimuuliza mkeo anafanya kazi gani, alijibu kwa kifua: "Mwalimu wa dunia. China yote inapita pale kwangu, ikivua viatu mlangoni."

Dorcas alikuwa na njia yake ya kufundisha. Maneno, alisema, yanavaa. Kuna maneno ya kaptura, kuna maneno ya leso, na kuna maneno yaliyovaa tai. La kaptura unaweza kwenda nalo popote. Lililovaa tai lina mahali pake, na ukilipeleka pasipo mahali pake linakuaibisha. Wachina walipenda hasa haya ya tai.

"Haya," alisema sasa, akachukua kalamu ya ubao. "Neno gani?"

Bwana Shen alifungua kiganja. Alikuwa ameliandika pale kwa kalamu ya wino, herufi kwa herufi, kama alivyolitamka muuguzi alipomuuliza nani atakwenda kuwaambia watu wa nyumbani. Jasho lilikuwa limeanza kulifuta, lakini lilisomeka: *bereaved*.

Dorcas alilisoma. Kisha aliona kitu kingine. Kwenye pindo la mkono wa shati la Bwana Shen palikuwa na vumbi jeupe la vigae, limeganda kwa umbo la vidole. Vumbi lile alilijua. Alilifua kila Jumapili kutoka kwenye mashati ya mtu mmoja.

Hakulia. Alimpa mgongo mgeni, akaliandika neno ubaoni, akalipigia mstari. Mstari ulikwenda mrama.

"Hili," alisema, "ni neno la tai. Tena tai nyeusi."

"Maana yake?"

"Mtu aliyefiwa."

"Aliyekufa?"

"La. Aliyekufa ana lake. Hili ni la aliyebaki."

Bwana Shen aliitikia kwa kichwa, akatazama mlango. Florence alikuwa amemweleza kwa ishara na kwa Kiswahili cha kuelezea viziwi: wewe, ndani, soma, polepole, funga mdomo, mpaka kaka aje. Alikuwa amekubali. Lakini Florence hakujua kwamba mtu huyu hana neno jingine kichwani tangu asubuhi, na kwamba hajui kuficha kitu. Dukani kwake hata kigae chenye ufa hukiwekea alama nyekundu.

"Mwalimu, mimi..."

"Tunga sentensi," Dorcas alisema upesi.

"Mwalimu."

"Hatujamaliza neno, Bwana Shen. Tunga sentensi."

Alifikiri. Jasho lilimtiririka. "Simu yangu imekufa," alisema hatimaye, mwanafunzi mwema hata pale. "Mimi ni *bereaved*."

Kicheko kilimtoka Dorcas bila ruhusa yake. Kilitoka tumboni, kikubwa, kile ambacho Nguma alikuwa akikitafuta kila usiku kwa nzi na samaki wake. Uani ufagio ulisimama. Sauti ya mwanamke fulani ilisema, "Yesu wangu, anacheka," na mwingine akamziba mdomo. Kwa wakati ule pale nje palikuwa na watu wapatao ishirini, kila mmoja na kisingizio chake mkononi: mwenye sufuria ya kurudisha, mwenye mkaa wa kuuliza bei, mwenye mtoto wa kupimwa joto. Wote walitazama chini.

"Si kwa simu," Dorcas alisema akijifuta macho, na macho hayakukauka. "Wala mbuzi. Mbuzi akifa ni hasara tu. Neno hili ni la watu, tena watu wako."

"Rafiki?"

"Mara nyingi wa nyumbani. Mume. Mke. Mzazi, mtoto." Aliwataja kama mtu anayepanga vikombe. "Unasema, familia ya *bereaved*. Au unasema tu *the bereaved*, bila jina, kama kabila."

"Kwa hiyo nikifika nyumba ya mtu, nasema: Mama, wewe ni *bereaved*."

"Hapana!" Alipiga meza. "Usije ukamwambia mtu hivyo usoni. Hili ni neno la kumsemea mtu kwa mbali. Ni la gazeti, la matangazo ya kanisani, la yule jamaa wa kipaza sauti. Linamhusu yeye lakini haambiwi yeye."

"Yeye anaambiwa nini?"

"Anaambiwa pole."

"Pole?" Bwana Shen alishangaa. "Pole niliambiwa nilipojikwaa kidole pale ngazini."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ya kidole na ya..."

"Hiyo hiyo," alisema Dorcas. "Kidole, homa, mvua ikikunyeshea. Hatuna pole nyingine. Tunaisema polepole zaidi, basi."

Alinyanyua chupa ya chai iliyokuwa pembeni, ili mikono ipate kazi. Ilikuwa nzito. Ilikuwa imejaa, kwa sababu asubuhi alikuwa amechelewa kuamka, na chai ilipochemka Nguma alikwisha kufunga kamba za viatu. Aliuliza chai hiyo atainywa saa ngapi sasa. Dorcas akamjibu kwa ukali wa usingizi, "Utakunywa huko huko, kwani huko hakuna chai?" Nguma akaondoka akipiga mluzi wake mbaya. Dorcas aliirudisha chupa mezani bila kuifungua.

"Tunga nyingine," alisema.

Akatunga. Dorcas akasahihisha. Akamtaka ya wakati uliopita, kisha ya swali, kisha ya kukanusha. Bwana Shen alitumwa kumshikilia mtu, na sasa yeye ndiye aliyeshikiliwa. Kila alipoinua mguu aondoke, mwalimu alimtafutia zoezi. Alimuuliza tofauti ya neno hili na mjane. Alimwambia alitamke mara nyingi, ulimi usiteleze. Kwa jinsi alivyojua Dorcas, na alijua vizuri kuliko wote pale, habari ilikuwa imesimama kizingitini na viatu mkononi, na haiingii ndani mpaka mtu aifungulie kinywa. Nguma alikuwa angali ana asubuhi yake. Angeweza hata kuwa njiani kurudi kunywa chai.

"Swali moja," alisema Bwana Shen. Alisema chini sana. "Mtu anaanza kuwa hivi lini? Siku mwenzake amekufa? Au siku ameambiwa?"

Dorcas aliliangalia neno ubaoni.

"Kwa kamusi," alisema, "ni pale pale mwenzake alipokufa. Hata kama yuko nyumbani anafagia, ameshakuwa."

"Na hapa?"

"Hapa mpaka aambiwe."

"Basi hapa ni bora," alisema Bwana Shen, na chozi lilimdondokea kiganjani, juu ya wino.

"Tunga sentensi nyingine," alisema Dorcas.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa. Uani Florence alikuwa akiita, sauti imepanda, "Linda! Linda, njoo kwanza unisaidie huku, mwanangu, njoo nikuonyeshe kitu!" Lakini Linda alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa ametolewa darasani na vijana wa kanisa wasiokuwa na jibu hata moja, na hakuwa na hamu ya kuonyeshwa kitu. Aliingia na sare yake ya shule, soksi zimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbona nimeitwa? Nimefanya nini? Wale njia nzima wananiimbia nyimbo za kanisa."

Dorcas alimtazama mwanawe. Aliona kwamba wamempa Linda asubuhi ndefu kama aliyopewa yeye, na kwamba kwa Linda haikuwa zawadi. Mtoto alikuwa ameitumia kujitafutia kosa. Kazungu angeweza kufika jioni. Angeweza kuanzia mbali, kwenye homa na kuzidiwa, na mtoto angesimama pale akipandishwa ngazi moja moja na watu wazima.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Kaa hapa, mama," alisema, na akamshika mikono yote miwili. "Hujafanya kosa. Baba amekufa."

Neno hilo hakulivisha chochote.

"Baba yupi?"

"Babako. Nguma."

"Nani amesema?" Linda aliuliza. Alimgeukia Bwana Shen, akamgeukia tena mamake, akatafuta chumbani mtu wa kukanusha. "Mama, nani amekwambia?"

"Hajaniambia mtu," alisema Dorcas. "Nimesema mimi."

Bwana Shen alishuka kitini mpaka sakafuni, akaweka paji la uso juu ya magoti. Linda akapiga yowe. Uani ukasikika mlio mkavu, Florence ameangusha ufagio, kisha sauti zote zilizokuwa zimefungwa tangu asubuhi zikafunguka kwa pamoja. Sufuria zikatuliwa, mkaa ukamwagwa, wanawake wakaingia wakimwita Dorcas jina. Walimkuta amekwisha kutandika mkeka mwenyewe na kuketi, miguu ameinyoosha, kichwa cha mwanawe mapajani.

Kazungu alifika jua linaanza kuinama, akiwa na koti la kuazima na hotuba aliyoipanga njia nzima. Watu walimpisha. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba amechelewa. Alichuchumaa mbele ya mkeka, akasafisha koo.

"Dadangu," alianza, "nimekuja. Huyu shemeji wetu, tangu asubuhi... anaumwa kidogo."

Wanawake walishusha pumzi kwa aibu. Dorcas alimtazama kaka yake, mtu mzima, midomo imempauka kwa kiu, amesimama kwenye gari toka Kaloleni akiyabeba maneno yale yasimwagike.

"Anaumwa nini, kaka?" aliuliza.

Kazungu akamweleza. Alianzia mbali kama inavyotakiwa, akapita kwenye kuzidiwa, akapita kwenye madaktari wamejitahidi, na dadake alimsikiliza mpaka mwisho kana kwamba hajui, akiitikia kila kituo. Kwa muda wa maneno yale Nguma aliumwa tu. Kisha kaka alifika mwisho, na Dorcas akalia kwa mara ya kwanza.

Walimzika Kaloleni, ambako naye pia ndiko kwao, baada ya matanga ambayo ngoma na kwaya ziligombea usiku mzima na kwaya ikashindwa kwa mbali. Turubai lilikuwa la kukodi. Msema chochote alikuwa kijana wa mjini, suti ya zambarau, kipaza sauti amekishika kama koni ya aiskrimu, na Kiingereza amekijaza mifukoni kwa siku kama hizi. Aliwatambua wageni wa mbali, akamtambua diwani ambaye hakuwapo, akakitambua chama cha akina mama. Dorcas aliketi mstari wa mbele na Linda, leso kichwani, anasikiliza kwa adabu.

"Na sasa," alisema kijana, "ningependa *the bereaved family* wasimame tuwaone."

Kwenye viti vya nyuma, kati ya wapakiaji wa godauni, Bwana Shen alinyanyuka nusu akamkazia macho yule kijana. Alikuwa amefundishwa kwamba jambo hilo halifanywi.

Dorcas hakusogea. Alikuwa amehudhuria maziko mengi mno. Kila neno lile liliposemwa yeye aligeuza shingo taratibu, kwa heshima, kuwatafuta wenyewe na kuwaonea huruma. Ndivyo alivyofanya. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Akajiuliza mbona hao watu wanachelewa kusimama, maskini, au hawajui Kiingereza.

Kisha aliona Linda amesimama, peke yake, amemnyooshea mkono.

"Mama," alisema Linda. "Ni sisi."